Ulevi Niliomzulia Kaka Yangu

Kama ungefika Mususa, mtaa wetu hapa Butembo, miaka mitano iliyopita ukauliza njia ya kwenda kwa Ézéchias, fundi wa nguo, wangekuelekeza hivi: "Ule mulevi? Nyumba yenye mulango wa buluu, hapo chini." Hata watoto wa shule walimjua. Walimfuata nyuma wakiuiga mwendo wake, miguu wameitanua, mikono wameinyoosha pembeni, wakiyumba kulia na kushoto hadi wanaanguka kwa kucheka. Mimi ni dada yake, naitwa Katungu, na kuna neno nataka kulitoa kwanza kwa sababu nimechoka kulibeba. Ézéchias hakunywa pombe maishani mwake. Hata kasikisi, pombe yetu ya ndizi ambayo kwenye arusi hata mabibi huionja, yeye alikisukuma kikombe pembeni akaomba chai. Ulevi wake niliuzua mimi.

Alikuwa fundi hodari, tena mwenye maringo. Alishona kasula za mapadri, mavazi yao ya misa, na parokia za mbali mpaka Lubero zilimletea vitambaa. Uzi mmoja ukienda kombo, alifumua mkono mzima wa nguo akaanza upya, hata kama mwenye nguo amesimama mlangoni analia kwamba atachelewa. Mkewe, Mungu amrehemu, alikuwa akimtania kwamba akifika mbinguni atawavua malaika kanzu zao azirekebishe. Mke huyo alifariki akamwachia wasichana wawili, Florentine wa miaka tisa na Nadège wa miaka miwili. Nikahama mtaa wa Kimemi na vyungu vyangu nikaja kuwalea. Sikuwa na mume wakati ule, sina sasa, na usiniulize kwa nini.

Ugonjwa ulianzia kwenye sindano. Alikuwa na miaka thelathini na minane hivi. Uzi ukawa haupiti tundu, akasema ni macho, akanunua miwani. Miwani haikusaidia. Kisha mkasi ukawa unatoka nje ya alama ya chaki, kisha miguu. Mimi nilijua mapema kuliko yeye, kwa maana nilikuwa nimeuona mwendo ule kwa baba yetu. Baba aliyumba vilevile, ila baba alikunywa kweli, tena sana, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuuliza. Na shangazi yake baba alimaliza miaka yake akitambaa. Nyumbani kwetu ugonjwa ule haukuwa na jina, na tuliona ni afadhali hivyo.

Sasa, huku kwetu kijana akimtaka msichana, familia yake haikurupuki tu kuleta mbuzi. Inamtuma kwanza mtu mwenye macho, mara nyingi mama wa makamo, aje kukaa jikoni, ale, acheke, na katikati ya kucheka aulize. Kwenu kuna kifafa? Kuna mwenye wazimu? Babu alikufa na nini? Akirudi na habari ya ugonjwa wa ukoo, maneno yanaishia hapo, na mtaa wote unajua kwa nini yameishia hapo. Msichana anakaa nyumbani mpaka mvi zinaota.

Florentine alipofika miaka ishirini, akaja kuposwa na Lusenge, kijana wa Beni, wa familia ya wafanyabiashara wa kakao. Familia ikamtuma shangazi yake, Mama Maliro. Alikuwa jikoni kwangu, anamenya ndizi pamoja nami kana kwamba tumezaliwa pamoja, Ézéchias alipoingia. Alikuja kusalimu kwa heshima zake zote. Akagonga bega kwenye mwimo wa mlango, akajaribu kujishika kwenye meza, akaibwaga chupa ya chai.

Mama Maliro aliweka kisu chini.

"Huyu papa iko na shida gani?" akauliza. Hakuwa anacheka tena.

Sikuwaza. Naapa sikuwaza. Mdomo ulitangulia. "Ee, mama, utusamehe. Njo kasikisi hiyo. Tangu asubui."

Akashusha pumzi, akacheka mpaka machozi. "Ah! Pombe tu? Mama, hata kwetu biko! Mi nilianza kuogopa." Akaokota kisu chake akaendelea kumenya.

Kaka yangu alikuwa bado amesimama pale, chai inamtiririka kwenye suruali. Alinitazama. Halafu akafanya kitu ambacho sijakisahau: akapepesuka kidogo zaidi, kwa makusudi, akatoka.

Wageni walipoondoka nilimkuta amekaa kwenye cherehani.

"Donc sasa niko mulevi," akasema. Wakati huo ulimi wake ulikuwa bado mwepesi.

"Mpaka Florentine aolewe tu, yaya," nikamwambia, yaani kaka mkubwa.

"Na Nadège?"

Nikaokota nyuzi zilizoanguka sakafuni. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Bon," akasema. "Nitakuwa mulevi."

Akaifanya kazi ile kwa bidii ileile ya kasula. Alitafuta chupa tupu ya pombe akaiweka chini ya cherehani ili wageni waione, lakini kwa kuwa ni yeye, aliiosha kwanza kwa sabuni mara mbili. Ikabidi nimwambie kwamba chupa ya mlevi haing'ari namna hiyo. Tulicheka siku hiyo, yeye na mimi, tukashika mbavu. Leo naona aibu kwamba tulicheka.

Florentine hatukumwambia, wala mdogo wake, aliyekuwa bado mtoto. Nilisema mwenyewe: msichana anayeolewa humwambia mumewe kila kitu katika mwaka wa kwanza. Kwa hiyo mtoto yule aliiona chupa kama walivyoiona wageni, akaamini kwamba baba yake amekuwa akinywa kwa siri miaka yote, na kwamba ndiyo maana kazi zilikuwa zimepungua. Alimwambia maneno makali ambayo sitayarudia. Siku ya arusi aliomba baba yake akae benchi ya nyuma, na Ézéchias akakaa benchi ya nyuma. Florentine akaenda zake Beni. Alipopiga simu aliniuliza mimi habari za Nadège, basi.

Yaliyofuata yalikuja polepole. Mkubwa wa shirika letu la sala alikuja kumwonya mbele ya jirani. Parokia ikakichukua kitambaa cheupe alichokuwa bado anakishona, chenye msalaba wa dhahabu uliobaki nusu, ikampelekea fundi mwingine. Waendesha pikipiki walimzomea barabarani. Yeye aliinama tu. Mimi kila nilipomwona ameinama, nilijiambia kwamba Florentine ana mume na watoto, na hesabu yangu ikatulia kwa siku chache.

Halafu akaja daktari Amisi. Ni kijana wa Beni, wa familia ya Waislamu wenye malori, aliyesomea mambo ya ubongo nje ya nchi akarudi kupanga vyumba viwili hapa Butembo. Alimwona Ézéchias akivuka barabara, akamfuata mpaka kwenye mlango wa buluu. Nilimpokea kwa wimbo wangu wa kila siku: utusamehe, ni kasikisi. Hakunisikiliza. Alimwomba kaka yangu afuate kidole kwa macho, kisha aguse pua yake, kisha alale ateremshe kisigino cha mguu mmoja juu ya muundi wa mguu mwingine. Kidole kiliikosa pua, kikaenda shavuni.

"Mama," daktari akaniambia, "huyu papa hapana mulevi. Ubongo ya nyuma njo inaugua, hapa kwa kisogo. Hiyo njo inapangaka mwendo, mikono, hata ulimi. Na ugonjwa hii inapitaka kwa damu, toka muzazi mpaka mutoto."

Nilitaka kumfukuza. Ézéchias ndiye aliyemshika mkono.

Daktari alieleza kwamba hakuna dawa ya kuumaliza. Alikuwa na kifaa tu, kidogo kama redio ya mfukoni, kinachotumia betri. Kina sponji mbili za kulowesha kwenye maji ya chumvi, moja inafungwa nyuma ya kichwa, nyingine begani, na umeme dhaifu unapita katikati kwa dakika ishirini. Hakuna kupasua, hakuna sindano. Siku kumi, halafu kupumzika. Wagonjwa wengine wamepata nafuu ya miezi kadhaa, wengine hawakupata chochote. "Sitakudanganya, papa," akasema, na mimi nikaona kama ananisema mimi.

Tulikwenda kwa njia ya nyuma, asubuhi, ili majirani wasituone. Siku ya kwanza Ézéchias alikaa kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

"Inauma, yaya?"

"Iko nawasha kidogo tu. Muache nisikie."

Kila baada ya sponji kutolewa, daktari alimtembeza juu ya mstari wa chaki sakafuni, kisha akampa vifungo vya nguo avitie kwenye mkebe mmoja mmoja. Siku ya nane, nyumbani, alikunywa kikombe cha chai kilichojaa, na sahani ya chini ikabaki kavu. Wiki iliyofuata akachukua gauni langu akashona tundu la kifungo. Ilimchukua asubuhi nzima. Alipomaliza alilitazama, akakunja uso, akatafuta wembe alifumue. Nilimnyang'anya gauni huku nalia kwa furaha, kwa maana yule ndiye alikuwa kaka yangu, na nilikuwa sijamwona kwa miaka.

Daktari alipoona nafuu ile alituketisha. "Niko na lazima ya kuona batoto. Kila mutoto, ni kama kutupa sarafu: ao ameipata, ao hapana. Mwenye anaanza mapema, kuna kitu tunaweza kushika. Mwenye anachelewa, mais…" Akaacha hapo.

Njiani Ézéchias alitembea mbele yangu. Alipofika nyumbani alisimama katikati ya chumba bila kushika kitu.

"Tuite Florentine."

"Tungoje Nadège aolewe."

"Katungu, iko mutoto wangu."

"Na Nadège iko wa nani? Nani atamuoa? Ukimuambia mumoja, Beni yote inajua kesho!"

Nadège alikuwa na miaka kumi na tisa. Nilimletea kaka yangu rozari ya marehemu mkewe nikamwapisha kwamba hatasema neno mpaka mtoto wa mwisho atoke nyumbani. Alikataa, nikalia. Alikataa tena, nikamkumbusha nani alilea watoto wake. Akaapa. Siku ile niliona nimeshinda.

Ikapita miaka miwili. Kila baada ya miezi mitatu tulirudi kwa siku zetu kumi. Mwanzoni nafuu ilidumu, baadaye ikafupika. Barabara ya Beni ilikuwa mbaya, watu walikuwa wakiuawa vijijini, na kila mtu aliponiuliza kwa nini Florentine haji kumwona baba yake, nilikuwa na barabara ya kuisingizia. Mwezi wa tisa mwaka jana chakula kilimpalia Ézéchias, kikashuka kwenye mapafu. Alikaa hospitali siku sita. Alikuwa akitaka kuniambia kitu, lakini ulimi ulikuwa umeshakuwa mzito, nami nilimwambia apumzike.

Kwenye matanga yetu, kabla jeneza halijatoka, mtu mmoja wa familia husimama akaeleza marehemu aliugua nini, tangu lini, alitibiwaje. Watu hawaendi makaburini bila kusikia. Kazi hiyo ilikuwa yangu, na nilikuwa nimekwisha kuitayarisha: ini. Pombe na ini. Kwenye viti vya mbele walikaa wazee watatu wa familia inayomposa Nadège, nao walikuwa wanangoja kusikia kama wengine wote. Nilikuwa tayari kumzika kaka yangu na ulevi wangu juu yake.

Ndipo gari la Beni likafika. Lusenge alishuka na watoto wawili. Kisha Florentine akashuka, akaushikilia mlango wa gari kwa mikono yote miwili. Akaachia. Akaja kuelekea kwenye jeneza, miguu imetanuka, mikono imenyooka pembeni, akapita hatua nne, tano, akaanguka juu ya kuni za akina mama wapishi.

"Yesu Maria," mwanamke mmoja akanong'ona. "Hata kwa matanga ya baba yake!"

"Damu ya baba," mwingine akajibu.

Lusenge alinivuta nyuma ya jiko. Alikuwa amekonda. "Tante, leo hapana siku yake, mais lazima tuzungumuze. Mulitupatia mulevi. Miaka tatu sasa. Anaapa kwa Biblia kama hapana kunywa. Nilimufungia mulango, nilimupiga, hapana kubadilika. Hata batoto banamunusaka kinywa akitoka sokoni."

"Banasikia harufu ya pombe?"

"Hapana," akasema. "Anaficha muzuri. Ni mama yetu Maliro njo alituambia: baba yake alikuwa vile vile."

Nikakaa juu ya ndoo. Miaka mitatu. Daktari alipotuketisha, mtoto huyu alikuwa tayari ameshaanza kuyumba, na mimi nilikuwa nimeshika rozari. Nilisikia wakiniita: Mama Katungu, wakati umefika, utueleze.

Nikasimama karibu na jeneza. Nadège alikuwa kushoto kwangu, amevaa nguo nyeusi, na wazee wale watatu wa posa mbele. Florentine alikuwa mkekani, goti linatoka damu. Nilijua vizuri kabisa namna ya kumwokoa mmoja, na sikuijua namna ya kuwaokoa wote wawili.

"Bandugu," nikasema, "Ézéchias hapana kufa na pombe. Hapana kunywa hata siku moja. Ni mimi nilimusemea bongo, uongo mutupu, ju ya watoto baolewe. Alikuwa na ugonjwa ya damu. Baba yetu alikuwa nayo. Florentine iko nayo. Huyu mutoto hapana mulevi, munasikia? Hapana mulevi!"

Nilikuwa napiga kelele sasa. Wazee watatu walisubiri kwa adabu wimbo mmoja uishe, kisha wakainuka, wakasema watarudi kuyaendeleza maneno ya posa. Hawajarudi. Nadège hajanisemesha kwa muda mrefu, na simlaumu. Lusenge alivua kofia yake, akakaa chini kwenye udongo, akawa anatazama mikono yake.

Florentine hakulia. Aliniuliza tu, kutoka pale mkekani: "Hata tone?"

"Hata tone, mwanangu."

Baada ya mazishi Lusenge aliwarudisha watoto Beni, akisema familia itakaa na kuamua. Florentine alibaki kwetu. Jumatatu iliyofuata nilimpeleka kwa daktari Amisi, na safari hii tulipita barabara kuu. Daktari alimwambia aguse pua. Akamuuliza ilianza lini, akajibiwa miaka mitatu, akaweka kalamu mezani. "Tutajaribu," akasema. "Ungekuwa umekuja mbele… Bon. Tutajaribu." Akalowesha sponji, akamfunga kisogoni na begani, akawasha, akatuacha.

Florentine aliusikiliza umeme ule kwa dakika chache. Kisha akaanza kusema, macho ukutani, kichwa hakigeuki kwa sababu ya mikanda.

"Papa alikuyaka Beni. Wakati nilizaa wa pili."

Nikasema haiwezekani, ningejua.

"Alikuya. Wakwe walikuwa kwa nyumba. Nilimuona kwa dirisha iko nayumba kwa barrière, pale kwa lango, nikaambia sentineli, mulinzi wetu, asifungue. Alikaa pale chini mpaka saa tisa, kisha akaenda. Aliacha kifurushi. Ilikuwa nguo ya mutoto."

Hapo nikakumbuka. Siku moja Ézéchias aliniaga kwamba anakwenda Kyavinyonge, kule ziwani, na mtu wa samaki, akarudi jioni bila samaki hata mmoja, na mimi nikamgombeza kwa kupoteza siku nzima. Alikunywa maji, akaenda kulala.

"Mishono ilikuwa inaenda kombo," Florentine akaendelea. "Nikasema, ona, hata nguo ya mujukuu ameishona akiwa amelewa. Sikumuvalisha mutoto. Nilifanya ya kupangusia meza."

Nilijua alichukua muda gani kushona tundu moja la kifungo, baada ya siku kumi za matibabu. Ile nguo aliishona kabla ya matibabu yoyote, na mikono ile, na nilijua alivyokuwa akifumua na kuanza upya. Nikaanza kumweleza, nikashindwa kuendelea.

Kifaa kilijizima chenyewe. Daktari aliingia, akafungua mikanda, akamwambia ainuke taratibu, kesho wakati huuhuu. Florentine alisimama akayumba. Nilimnyooshea mkono. Aliutazama mkono wangu, kisha akaweka wake ukutani, akaenda hivyo, akiufuata ukuta hatua kwa hatua mpaka mlangoni. Mimi nikabaki nyuma na mkoba wake.